Manukato Ndani ya Kiko

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakijua kwa pua kuliko kwa mkono: tumbaku ya kiko iliyotiwa ladha, ile inayonukia vanila, ramu, cheri au asali. Akiiwasha mtu mmoja barazani, wote waliokaa hugeuza nyuso na kuuliza ni nini kinachonukia. Ajabu ni kwamba mvutaji mwenyewe mara nyingi hapati hata nusu ya utamu huo. Harufu inawaendea majirani. Yeye anabaki na moshi wa jani.

Wako watu, hasa Marekani na Ulaya, wanaonunua majani makavu ya tumbaku na kuyachanganya wenyewe nyumbani. Wanayalowesha, wanayapika kwa mvuke, wanayabana, wanayakata na kuyaweka chupani hadi yakolee. Kazi yao nimeifuatilia kwa muda mrefu na ninaiheshimu, kwa kuwa ni kazi ya subira na ya mizani. Lakini ndani yake mna swali ambalo kila mchanganyaji hulijibu kwa vitendo, akijua au asijue: ladha hii anayoitia, anaitia ili kulipamba jani au ili kulificha? Mimi nasema ladha inayoficha ni hatari, kwa fundi na hata kwa taifa, na jioni hii nitaeleza kwa nini.

Tuanze na jani. Wasikilizaji wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Chunya wataniwia radhi nikieleza wanachokijua tangu utoto. Tumbaku ya mvuke huingizwa katika bani, yaani nyumba ya kukaushia, ikiwa mbichi, moto ukakokwa, na joto likapita ndani ya mabomba bila moshi kuligusa jani. Kwa muda wa kama wiki moja jani hugeuka manjano, kisha hukaushwa upesi kabla halijaimaliza sukari yake. Sukari ile hubaki ndani. Tumbaku ya hewa ni habari nyingine. Hutundikwa katika banda lenye upepo kwa wiki nne hadi nane, na kwa sehemu ya muda huo jani bado lina uhai. Linapumua, na kwa kupumua linaiteketeza sukari yake karibu yote. Hutoka likiwa la rangi ya kahawia, jepesi, lenye vitundu vingi, na kavu la ladha.

Tofauti hiyo moja huamua karibu kila kitu kinachofuata. Jani la mvuke lina utamu wake. Ukilizidishia asali, moshi wake unachoma ulimi. Jani la hewa, kwa kuwa halina sukari na lina vitundu, linafyonza chochote utakacholipa. Mwaka 1864, katika wilaya ya Brown jimboni Ohio, mkulima aitwaye George Webb alipanda mbegu za tumbaku zilizotoka Kentucky, na baadhi ya miche ikaota ikiwa imepauka, ikadhaniwa migonjwa. Miche hiyo ndiyo iliyozaa tumbaku ya Burley nyeupe, ambayo ni jani la hewa. Watengenezaji wa tumbaku ya kutafuna waliipenda mara moja, kwa sababu ilibeba sukari na viungo vingi kuliko jani lolote walilokuwa nalo. Hadi leo, tumbaku nyingi ya kiko yenye ladha ina Burley ndani yake.

Na jani la njano la mvuke lina asili inayonigusa zaidi. Simulizi iliyopokewa ni kwamba mwaka 1839, wilayani Caswell, North Carolina, kijana mtumwa aitwaye Stephen alikuwa akilinda moto wa bani la bwana wake, Abisha Slade. Usiku akapitiwa na usingizi. Alipozinduka moto ulikuwa karibu kuzimika, akakimbilia makaa kwenye shimo la mhunzi, akayatupa motoni, joto likapanda kwa ghafla, na majani yakatoka ya manjano angavu. Mwenye shamba akapata jina na fedha. Jani linalolimwa Tabora leo ni la ukoo wa jani la usiku ule, na aliyeuleta ugunduzi wenyewe alikuwa mali ya mtu mwingine. Sioni vibaya kumtaja redioni jioni hii.

Tabora nayo iliingia katika habari hii kwa njia ya mzunguko. Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu za mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mradi ulianza mwaka 1947, na mwaka 1951 ukaachwa baada ya kuteketeza fedha nyingi mno. Karanga zilishindikana, tumbaku ikachukua nafasi. Tangu hapo mkulima wa huko hupanda, hukausha, huchambua madaraja, hufunga marobota na kuyapeleka sokoni kupitia chama cha msingi. Ladha haitiwi hapo. Robota linatoka na harufu ya jani tupu, linasindikwa, na sehemu kubwa husafirishwa nje. Vanila na ramu hutiwa mbali, na mtu ambaye huenda hajui hata jina la Urambo. Thamani nyingi huongezwa huko huko.

Lakini si kwamba watu wetu hawakuwa na ufundi wao. Richard Burton, aliyepita katika nchi hizi mwishoni mwa miaka ya 1850, aliandika kuhusu tumbaku ya Usambara iliyotwangwa na kutengenezwa vipande vya mviringo kama mikate myembamba, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kupelekwa pwani. Kutwanga, kubana na kufunga kwa jani lenye unyevunyevu si namna ya kusafirishia tu. Jani lililobanwa pamoja huendelea kubadilika ndani kwa ndani: ukali hupungua na harufu huungana.

Waingereza, kwa upande wao, walijifunza kutegemea jani kwa kulazimishwa. Sheria yao ya mwaka 1842 iliwakataza watengenezaji kutia sukari, asali au molasi ndani ya tumbaku. Haikutungwa kwa ajili ya afya ya mtu. Ushuru ulitozwa kwa uzito wa jani, na mfanyabiashara aliyelowesha tumbaku kwa molasi na maji alikuwa akiuza sukari kwa bei ya tumbaku na kuipunja hazina. Matokeo yake yalikuwa mazuri kwa ufundi. Wachanganyaji wa London walipozuiwa sukari, walitafuta ladha katika majani yenyewe. Walichukua jani la njano kwa utamu, majani madogo ya Uturuki na Ugiriki kwa harufu, na Latakia kwa moshi.

Latakia, kwa asiyeijua, ni jani la bandari ya Syria linalofukizwa kwa moshi wa miti na vichaka vyenye harufu hadi liwe jeusi. Siku hizi nyingi hutoka Cyprus. Wenzetu wa Songea na Namtumbo, wanaokausha tumbaku ya moshi, wataelewa bila maelezo marefu. Mwaka 1907 Alfred Dunhill alifungua duka lake mtaa wa Duke, London, akawachanganyia wateja tumbaku kila mmoja kwa matakwa yake na kuandika mchanganyiko wa kila mtu katika kitabu. Mteja akirudi baada ya miaka, alipata kile kile. Nakitaja kitabu hicho kwa sababu nitarudi kwenye habari ya kuandika.

Kuna jani lingine ambalo kila mwenye haraka ya kutia ladha angepaswa kulijua kwanza. Katika parokia ya St. James, Louisiana, hutengenezwa tumbaku iitwayo Perique. Majani hutolewa uti, hupakiwa ndani ya mapipa ya mbao yaliyokuwa ya wiski, na kukandamizwa kwa jeki hadi maji yake yenyewe yatoke na kuyafunika. Hukaa humo karibu mwaka mzima. Mara chache pipa hufunguliwa, majani hupanguliwa yapate hewa, kisha hukandamizwa tena. Yanapotoka ni meusi na yananukia matunda makavu yaliyopikwa, na hakuna tunda lililotiwa. Huko ni kuvundika kwa maana kamili. Wachanganyaji huweka kidogo tu katika mchanganyiko, kwa kuwa ina nguvu.

Sasa kazi ya nyumbani. Anayejua huanza kwa kuchambua: hutoa uti wa katikati, maana uti unaungua vibaya na kukipa kiko moshi mkali. Kisha hupima kwa mizani ndogo, ile ya sonara, akitengeneza sampuli za gramu 10 au 20 badala ya kuharibu kilo nzima. Ladha hutiwa mara mbili, na tofauti ya mara hizo mbili ndiyo siri ya fundi. Ya kwanza ni kulowesha. Maji ya uvuguvugu yenye asali au sukari guru, unga wa kakao kidogo, pengine urukususu, hunyunyizwa juu ya jani la hewa na kuachwa usiku kucha liyanywe hadi ndani. Lengo hapa si harufu. Lengo ni kulirudishia jani utamu lililoupoteza bandani na kulituliza. Aliyefanya vizuri hatua hii, ukinusa jani lake huwezi kusema limetiwa nini. Utasema tu ni laini.

Kisha huja moto. Jani lililolowa huwekwa katika chombo kilichofunikwa, chombo kikakaa juu ya maji yanayochemka kwa saa kadhaa. Wengine hutumia sufuria ya presha ili kuharakisha. Sukari na jani vinapikana, rangi inashuka kutoka kahawia hadi nyeusi, na ule ukali unaokamata koo unapungua. Tumbaku hiyo huitwa Cavendish. Baada ya hapo hukandamizwa baina ya mbao mbili kwa jiliwa la seremala kwa siku kadhaa, hadi iwe bonge moja linaloweza kukatwa vipande vyembamba kwa kisu kikali.

Mara ya pili ya kutia ladha huja mwisho kabisa, jani likiwa limekatwa. Hapa hutumika vitu vinavyoruka upesi: ramu, wiski, dondoo ya vanila. Matone machache kwa gramu 100 yanatosha. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa sababu pua humdanganya mtengenezaji. Anatia, ananusa, anaona haitoshi, anaongeza. Wiki mbili baadaye akifungua chupa, harufu imekwisha kuzama ndani ya jani na imekuwa kubwa kupita alivyotaka. Akivuta, kiko chote kinashika ile vanila, na hata tumbaku nyingine atakayoiweka humo mwezi ujao itakuwa na vanila.

Unyevu nao una kipimo chake. Jani la kuvutwa linafaa likiwa na maji baina ya asilimia 12 na 15. Likizidi hapo huzimika kila mara, mvuke wa moto huunguza ulimi, na katika hali ya hewa yetu ya pwani ukungu huota chupani. Viwandani hutiwa propilini glaikoli ili tumbaku isikauke dukani, ndiyo maana baadhi ya pakiti hubaki na unyevu mwaka baada ya mwaka. Aliyechanganya nyumbani hana haja nayo. Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, kabati lenye giza na subira vinatosha. Mchanganyiko ukikaa mwezi mmoja hadi mitatu, majani yaliyokuwa yakisema kila moja lake huanza kusema pamoja.

Na aandike. Kila chupa iwe na karatasi: majani gani, gramu ngapi, yametiwa nini, tarehe gani. Abadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Asiyeandika hawezi kurudia alichokipatia wala kukwepa alichokikosea. Na kuna vitu visivyopaswa kuingia chupani hata kama vinanukia vizuri. Mafuta ya kupikia na mafuta mazito ya manukato hayakutengenezwa ili yachomwe na kuingia kifuani. Kitu kuwa salama tumboni si dhamana kuwa ni salama kikiwa moshi. Mbegu za tonka, zinazopendwa na wachanganyaji kwa harufu yake inayokaribia vanila, zina kumarini, na kumarini ilipigwa marufuku katika vyakula nchini Marekani mwaka 1954 baada ya kuonekana inadhuru ini la wanyama waliojaribiwa.

Nimefika kwenye ile habari ya kuficha, na hapa nitakaa kidogo.

Mchuuzi anayemwagia pilipili na ndimu samaki aliyeanza kuharibika hamwongezei mteja ladha, anamziba pua. Ladha nzito juu ya jani duni ni jambo hilo hilo. Jani lililokauka vibaya, lililo chungu, lililobaki baada ya madaraja mazuri kuchaguliwa, likizamishwa katika sharubati ya cheri huuzika kwa bei ya jani zuri. Ndiyo maana namsifu anayechanganya mwenyewe: analiona jani kabla halijavikwa nguo.

Lakini kuna kuficha kwa aina nyingine, na Zanzibar ina sehemu yake humo. Huko Indonesia, katika mji wa Kudus kisiwani Java, mwishoni mwa karne ya 19 watu walianza kuchanganya karafuu zilizokatwakatwa na tumbaku na kuzisokota kuwa sigara ziitwazo kretek. Uvutaji huo ulikua hata Indonesia, nchi yenye asili ya karafuu, ikawa haitoshelezwi na karafuu zake. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba. Karafuu za Pemba zilikuwa zikiungua taratibu katika midomo ya watu wa Java.

Kila mtu wa visiwani anajua karafuu inafanya nini kwenye jino linalouma. Inatia ganzi. Kemikali iliyomo ndani yake, yujenoli, ndiyo inayofanya kazi hiyo, na inaifanya kooni pia. Mvutaji mpya wa sigara ya karafuu hahisi ukali ambao mwili wake ungetumia kumwonya. Kikohozi cha kwanza, ambacho kimewaokoa vijana wengi, hakiji. Mwaka 2009 Marekani ilipiga marufuku sigara zenye ladha bayana, karafuu zikiwemo, lakini ikaiacha menthol ambayo nayo hupoza koo. Indonesia ikalalamika katika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2012 ikashinda, kwa hoja kwamba haiwezekani kukataza cha mgeni na kuruhusu cha nyumbani vilivyo sawa. Kwa maoni yangu Indonesia ilikuwa na haki katika hoja ile, na jibu sahihi lilikuwa kuzuia vyote viwili.

Sisi nasi tumepita hapo kwa njia ya shisha. Tumbaku ya shisha ni jani lililozamishwa katika molasi, gliserini na ladha ya tofaa au mnanaa. Vijana ambao wasingegusa sigara waliikalia saa nzima wakiamini ni matunda. Uganda iliizuia kwa sheria yake ya mwaka 2015, Tanzania ikaipiga marufuku mwaka 2016, Kenya na Rwanda mwishoni mwa mwaka 2017. Ukisikiliza walioitetea, hoja ya kwanza ilikuwa harufu yake nzuri.

Nasema haya bila kumkejeli mzee anayevuta kiko chake jioni. Lakini ni wajibu wangu kwa wasikilizaji kusema kwamba asali haiondoi lami ya moshi, ramu haipunguzi kaboni monoksidi inayoingia damuni, na nikotini hubaki pale pale. Kiko huleta saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu, hata kwa asiyeumeza moshi. Hata anayechanganya bila kuvuta ana la kuangalia: jani lililolowa hupitisha nikotini katika ngozi. Wavunaji wa tumbaku wanaoingia shambani asubuhi ya umande wanaujua ule ugonjwa wa kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Basi glavu zivaliwe, na mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula.

Nina ombi kwa watatu. Kwa viwanda: andikeni juu ya pakiti kila mlichotia, kwa Kiswahili kinachosomeka, ili mnunuzi ajue kama analipia jani au sharubati. Kwa wenye kulima: daini madaraja ya haki, kwa sababu jani zuri ndilo pekee lisilohitaji kufichwa, na nyinyi ndio mnaolitengeneza. Na kwako wewe uliye na chupa yako ya kioo kabatini, yenye harufu ya vanila na kakao: hiyo ni harufu ya peremende kwa mtoto wa miaka mitatu, na tumbaku ikimezwa na mtoto ni sumu. Bandika karatasi yenye neno tumbaku kwa herufi kubwa, funga kabati kwa ufunguo, na ufunguo uwe mfukoni mwako. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007 zinakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, iwe na ladha au isiwe nayo.